Hatari ya Nne ni Mimi

Ndugu zangu wote huniuliza swali moja: "Hivi abiria wanajua kama bado unajifunza?" Nilikuwa nawajibu kwamba hawajui, na hawana haja ya kujua. Jibu hilo lilinifaa kwa sekta sita. Sekta ya saba, Dar kwenda Dodoma, Bunge likiwa kwenye vikao, ndege nzima ilijua. Niliwatangazia mwenyewe, kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili fasaha.

Sekta ni kuruka mara moja na kutua mara moja. Ukishamaliza simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji, na ukishatua ndege tupu mara kadhaa bila kuibomoa, unaanza kujifunza ukiwa na watu waliolipa nauli. Kiti cha kushoto anakaa kapteni mkufunzi, cha kulia unakaa wewe, na sekta za mwanzo anakuwepo rubani wa tatu kwenye kiti cha kukunja nyuma yenu. Kazi ya huyu ni kutazama tu, ili kapteni akizama kwenye kufundisha, awepo mwenye macho. Jana yake rubani wa tatu aliniaga. Alinipiga begani akasema, "Sasa umekua, hunihitaji tena." Nikaamini. Laiti angebaki siku moja zaidi.

Kapteni wangu ni mzee wa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa mausia akiwa anakoroga chai. Kula kabla ya kuruka. Kosa ukishalifanya liache nyuma ya mkia, usirudi kulichungulia. Usihangaike kutua kama unyoya. Weka magurudumu panapotakiwa, katikati ya mstari, ulaini ni nyongeza. Na lile alilolirudia kila asubuhi mpaka nikaliota: kwanza rusha ndege, pili jua unakokwenda, kuongea kunakuja mwisho.

Wosia wa kula niliuvunja alfajiri ya sekta ile ya saba, kwa sababu ya mama mkubwa.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea pale Makole, jirani kabisa na uwanja wa ndege, ambako mlio wa ndege ndio ulikuwa saa yetu ya ukutani. Alikuja Dar kumwona mjukuu, na ukoo ukachanga arudi "na ndege ya mtoto". Mwenyewe hakutaka. Alishaizoea treni ya SGR tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, na habari za ndege za mapangaboi zilimkera. "Pangaboi la sebuleni kwangu linayumba," alisema, "na halijabeba hata mtu mmoja." Basi saa kumi na moja alfajiri, badala ya kunywa chai, nilikuwa nje ya uwanja na sare yangu na mistari yangu ya begani, nimebeba kikapu cha mama mkubwa chenye kitu kizito nisichokijua, nikimweleza kwamba hapana, hawezi kukaa mbele pale karibu na dereva.

Alikaa 3A. Pembeni yake, mheshimiwa mmoja mwenye kaunda suti.

Tuliruka vizuri. Nilikuwa naongoza mimi, kapteni anashika redio. Milima ya Uluguru ilipotokea upande wa kushoto, kapteni akasema, "Haya, redio ninayo. Ongea na watu wako."

Hapa inabidi nieleze vyombo kidogo, la sivyo hamtaniamini. Pembeni ya kila rubani kuna paneli ya kuchagua sauti yako iende wapi: redio ya kwanza, redio ya pili, au spika za abiria. Halafu kwenye usukani kuna swichi ya dole gumba yenye pande mbili. Upande mmoja unasema na mwenzako tu. Upande wa pili unatuma nje, kule kulikochaguliwa kwenye paneli. Ukichagua spika za abiria, ukimaliza unarudisha kwenye redio. Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Nikachagua spika. "Mabibi na mabwana, waheshimiwa wabunge, na Wagogo wenzangu, mbukwenyi!" Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki mbili. Nikataja mwinuko, nikataja hali ya hewa, nikamsalimia kipekee mzazi wangu mmoja aliyemo humu ndani. Nilipomaliza nilijisikia raha kiasi kwamba sikugusa tena ile paneli. Na kwa kuwa redio alikuwa nayo kapteni, hakukuwa na kitu cha kunikumbusha.

"Vizuri," akasema kapteni. "Sasa nipe maelezo ya kutua. Kwa Kiswahili, kama unamweleza mtu wa kwenu. Ukikimbilia Kiingereza nitajua umekariri."

Yule mzee hufanya hivyo kwa kila mwanafunzi, na kusema kweli ni mtihani mzuri. Kiingereza cha marubani unaweza kukitiririsha huku akili imelala. Nikashusha pumzi, dole gumba langu lenye jasho likabonyeza upande ambao lilidhani ni wa mwenzako, nikaanza. Kapteni alikuwa ananisikia sawasawa kwenye visikizio vyake. Mimi nilikuwa namsikia. Kelele za injini zilifunika mengine yote.

Kwa hiyo abiria walisikia upande wangu tu wa mazungumzo. Dada mkuu wa wahudumu alinisimulia baadaye neno kwa neno, akijifuta machozi.

"Sawa kapteni. Hatari za leo. Ya kwanza, Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100, na kuna joto, hewa ni nyepesi. Kipimo cha kasi kitasoma 120 lakini ardhi itatukimbilia kwa 130 na ushei. Ya pili, njia ya kutulia ni nyembamba kuliko ya Dar, macho yanadanganya, unajiona uko juu kumbe uko chini. Ya tatu, ndege wale wenye manyoya."

Kimya. (Kapteni alikuwa anasema, "Umesahau moja.")

"Ya nne? Ya nne ni mimi."

Kimya. (Kapteni: "Safi sana. Kwa nini?")

"Kwa sababu hii ni mara yangu ya nne tu kutua nikiwa na watu wa kweli."

Kimya.

"Ya jana? Ya jana ilidunda."

Kimya.

"Mara mbili."

Huko nyuma, kwa mujibu wa dada, mama mmoja kiti cha saba alitoa rozari. Kijana mwenye kompyuta aliifunga taratibu, akaikumbatia. Mimi naendelea, kwa sauti ya mtu anayefaulu mtihani:

"Nikiona haikai sawa, silazimishi. Naongeza nguvu, tunapanda, tunazunguka, tunajaribu tena. Ikikataa tena, mafuta yapo, tunarudi Dar. Hapana, sijala. Tangu jana saa moja usiku."

Wakati huo ndipo mheshimiwa wa kaunda suti aliponyoosha mkono. "Taarifa!" Mheshimiwa mwingine wa viti vya nyuma akamjibu kwamba kiti hakijamwona. Wa tatu akaona afadhali alitatue kwa utaratibu wanaoujua: wanaoafiki kijana ajaribu mara moja waseme ndiyo. Ndege ikasema ndiyoo. Wasioafiki? Mzee mmoja peke yake akasema siyo, na kwamba yeye tangu mwanzo alitaka treni. Walioafiki wakashinda.

Mama mkubwa alikuwa ametulia tuli. Mheshimiwa alipomuuliza kama haogopi, alisema, "Huyo ni mwanangu. Umesikia mwenyewe, hajui kudanganya. Wewe ungependa urushwe na anayedanganya?" Inasemekana mheshimiwa alifungua mdomo, akaufunga.

Dada mkuu alijaribu kutuokoa. Alipiga kengele ya simu ya ndani. Kapteni alikuwa anaongea na waongoza ndege, akanionyesha kidole: jibu wewe. Nikabonyeza dole gumba. "Ndiyo dada, tuko salama, kaeni tu." Ndege nzima ilisikia nikimjibu dada aliyekuwa amesimama mbele yao ameshika simu isiyomjibu. Akairudisha ukutani, akaketi, akafunga mkanda. Tukashuka chini ya futi 10,000, ambako wahudumu hawatakiwi kutusumbua ila kwa dharura, na yeye akaamua kwamba aibu yangu haijafikia dharura. Mpaka leo tunabishana juu ya uamuzi huo.

Sasa, upepo wa Dodoma mara nyingi hutoka mashariki. Ndege inayotoka Dar hulazimika kuupita mji, kugeuka kule magharibi, na kutua ikielekea ilikotoka. Ni kawaida kabisa. Lakini fikiria wewe ni abiria. Umeambiwa kwamba kijana akishindwa atazunguka. Unachungulia dirishani, unaliona paa la Bunge, unakiona chuo kikuu cha UDOM kule kilimani, uwanja huo hapo chini, ndege inaupita. Dada anasema palitoka mguno mmoja mrefu, kama wa mpira uliogonga mwamba. "Ameshindwa," akasema mzee wa treni. "Bado hata hajajaribu!"

Mbele kule mimi nilikuwa na raha zangu. Magurudumu chini, mstari wa katikati uko sawa, kasi iko sawa. Tulipopita juu ya miamba iliyoanza kupata moto, hewa ikatusukuma juu kidogo. Kapteni mikono yake iko mapajani, ishara kwamba ananiamini au kwamba anasali. Tukavuka mwanzo wa lami tukiwa juu kidogo ya nilivyopenda, na hapo nikafanya kosa ambalo kila mgeni wa mapangaboi hulifanya: nikapunguza nguvu zote kwa mkupuo.

Panga likizunguka kwa nguvu hupuliza bawa, na upepo huo ni sehemu ya kinachokubeba. Ukipunguza nguvu ghafla, bawa linapoteza rafiki. Ndege haielei tena kama kwenye michoro ya darasani. Inakaa, kama mtu aliyevutiwa kiti. Nikahisi tumbo linabaki juu. Mkono ukataka kuvuta usukani. "Usivute!" akasema kapteni, maana ndege yetu ina mwili mrefu na ukiinua pua sana utaburuza mkia. Nikaganda. Dole gumba likakaza swichi. Na kutoka ndani kabisa ya utoto wangu likatoka neno:

"Mama mkubwa weee!"

"Abee mwanangu!" ikajibu 3A, kabla magurudumu hayajagusa.

Puu. Mara moja tu, haikudunda. Katikati ya mstari, panapotakiwa. Kapteni akatazama vipimo, akasema haijafika kiwango cha kuita mafundi, tukaingia maegeshoni. Injini zikazimwa, mapanga yakapunguza mwendo mpaka ukaweza kuyahesabu. Ukawa ukimya ule mzuri.

"Waage abiria wako," kapteni akasema.

Nikapeleka mkono kwenye paneli ili nichague spika. Spika zilikuwa zimeshachaguliwa.

Nikaitazama. Nikabonyeza, nikasema polepole, "Kapteni, mbona hii tayari iko..." na sauti yangu ikanirudia kutoka nyuma ya mlango, nzito na wazi, "...tayari iko," ikifuatiwa na kicheko cha watu sabini.

Kapteni hakucheka. Alivua visikizio, akavining'iniza, akatazama dirishani mabega yakimtikisika.

Ilinibidi nisimame mlangoni kuaga, ndiyo desturi ya kapteni, hakuna kukimbilia chooni. Mheshimiwa wa kaunda suti alinipa mkono akasema hoja imepita. Kijana wa kompyuta aliomba picha. Mzee wa treni ndiye aliyenimaliza. Mnajua wazee wanavyosimulia jina la mji wetu, kwamba tembo alishuka kunywa maji akazama matopeni, Wagogo wakasema "idodomya", amedidimia. Mzee alisimama, akaitazama lami, akanitazama mimi, akasema, "Leo nimemwona yule tembo." Akashuka ngazi akijishika kiuno.

Mama mkubwa alishuka wa mwisho. Nilidhani atanikumbatia. Aliweka kikapu chini, pale pale penye ngazi, mbele ya wahudumu na wapakia mizigo na gari la mafuta, akafunua kitambaa.

"Tangu jana saa moja usiku hujala," alisema, "halafu unabeba watu wazima?"

Ndiyo nikala chapati nikiwa na sare na mistari yangu, nimesimama chini ya bawa, mama mkubwa akisimamia kila tonge kama mganga. Kapteni alikuja akasema shikamoo, akauliza kama imebaki. Ilibaki. Kikapu kizima kilikuwa chapati.

Kila sekta ya mafunzo ina fomu yake, mkufunzi huijaza na mwanafunzi husaini. Ya siku ile ninayo mpaka sasa, ina doa la mafuta kwenye kona. Kutua: kunakubalika, apunguze nguvu taratibu. Maelezo kabla ya kutua: mazuri, hatari zote nne zimetajwa. Mawasiliano na abiria: yamezidi.