Sukari juu ya kidonda cha sukari

Mtu mwenye kisukari akipata kidonda chini ya unyayo, haipiti wiki ukoo mzima umeshakuwa madaktari, huyu anasema paka asali, yule anasema fungua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, umwagie unga wake, mwingine kaona video wanamwaga sukari ya chai kabisa, na hakosi yule wa kusema hayo yote ushamba, nunua dresingi za kisasa zenye madini ya fedha. Nimezipitia tafiti za pande zote na naona kila upande una haki yake, ila wote wanagombana sana juu ya kitu ambacho siyo kikubwa kihivyo.

Tuanze na watu wa jikoni maana wanadharauliwa bure. Moses Murandu, nesi aliyekulia Zimbabwe, utotoni alikuwa akiumia baba yake anamwekea chumvi au, siku pesa ikiwepo, sukari, na akaona vya sukari vinapona haraka. Baadaye akiwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Wolverhampton kule Uingereza akaifanyia utafiti. Hakuna uchawi hapo, sukari inavuta maji, bakteria bila maji hawazaliani, harufu inakata. Asali nayo ni hivyohivyo, tena ina uchachu wake, na mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kwa majeraha ya moto yasiyozama sana inaponya haraka kuliko dresingi za kawaida. Kwa hiyo bibi hakuwa mjinga.

Sasa tatizo linakuja kwenye donda ndugu, kama hili la kisukari. Jeraha la moto linajua njia ya kupona, wewe unalisindikiza tu, donda ndugu limekwama, damu haifiki vizuri au mguu una ganzi, na ndani yake enzaimu, kemikali za mwili wenyewe, zinakula nyama mpya kabla haijashika. New Zealand walijaribu asali ya manuka kwa watu 368 wenye vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, majibu yakatoka 2008: baada ya wiki 12 waliotumia asali walipona 55.6%, wa matibabu ya kawaida 49.7%, pengo dogo ambalo hata bahati tu inaweza kulileta, na wa asali walilalamika maumivu zaidi. Na hiyo ni asali maalumu ya hospitali, siyo ya kwenye chupa barabarani ambayo hujui imechakachuliwa na nini.

Wa kisasa wasicheke lakini. Wana hoja moja nzito, ya tangu 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu linaota ngozi haraka kama mara mbili ya lile lililoachwa likauke, na huku kwetu mpaka leo mtu anaambiwa aache kidonda wazi kipigwe upepo! Ila kutoka kwenye unyevu wakaruka mpaka kwenye madini ya fedha, na hapo wakajikwaa, jaribio la Uingereza la 2009 kwa watu 213 wenye vidonda vya vena halikuona tofauti yoyote ya maana zaidi ya bili kupanda. Mwongozo wa 2023 wa IWGDF, jopo la kimataifa la mguu wa kisukari, umezikataa dresingi za madini ya fedha na za asali kwa pamoja.

Halafu kuna kituko. Dresingi mojawapo ambayo jopo hilo limeikubali, tena kwa wagonjwa fulani tu, ina sukrosi oktasalfeti, kitu kilichotengenezwa kutokana na sukari! Kwenye jaribio la Ulaya la 2018 lenye watu 240 vidonda vilivyofunga kwa wiki 20 vilikuwa 48% dhidi ya 30%. Najua mtu wa sukari ya chai atarukia hapo aseme si niliwaambia, hapana, hii kazi yake ni kuzizuia zile enzaimu walafi, sukari ya kopo haifanyi hivyo. Na bado zaidi ya nusu hawakupona.

Wakati huohuo Marekani 2001 mtafiti Armstrong na wenzake walichukua watu 63 wenye vidonda vya unyayo, wengine wakafungwa hogo, ile plasta ngumu kama ya mfupa uliovunjika, wengine wakapewa buti la kuvua. Wiki 12 baadaye wa hogo wamepona karibu 90%, wa buti 65%. Hogo haina dawa, inaondoa tu uzito wa mwili juu ya kidonda, na mtu hawezi kuivua aende dukani mara moja. Haimfai kila mtu, kidonda chenye usaha mwingi au mguu usiofika damu hapana, na mwendesha bodaboda miezi mitatu bila kazi watoto watakula nini, hilo najua. Ila linganisha pengo hilo la kama asilimia 25 na lile la asilimia sita la manuka halafu uniambie kelele zote zinaelekea wapi.

Mjomba wangu alikaa miezi minane na kidonda, asali kapaka, rangi mbili kamwaga, dresingi za bei kanunuliwa, na muda wote anatembea na ndala zilezile zilizoliwa upande. Alipokuja kufungwa hogo wiki ya kwanza nzima alikuwa analalamika kwamba wamemfungia kidonda kisipigwe upepo.