Milima iliyo chini yetu

Nimesoma makala inayoeleza vizuri jinsi milima ya kale iliyomomonyoka ilivyogeuka kuwa msingi wa bara, ila imeisahau Pwani. Sisi Mombasa tumekalia mwamba wa matumbawe, wa juzi tu kwa umri wa dunia. Chini zaidi kuna mawe ya mchanga, jamii ya yale ya Mazeras tunayotandika uani, kisha Mkanda wa Msumbiji, yaani ukanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, jina alilolitoa mwanajiolojia Arthur Holmes mwaka 1951. Mkanda huo uliundwa mabara yalipogongana takriban miaka milioni 600 iliyopita na kuinua milima. Mizizi ya milima hiyo imejitokeza Taita na Tsavo. Joto na mgandamizo wa huko chini ndivyo vilivyozaa tsavoraiti, kito cha kijani cha Taita Taveta. Na watoto wetu wanapita Voi kwa treni ya SGR bila kuambiwa! Walimu wa jiografia, tafadhali washusheni wakayaguse mawe hayo.