"Vaa Ndala" Si Ufundi

Juzi nimemsikia fundi, mtu mzima mwenye sanduku zima la vifaa, akimjibu mteja aliyelalamika kwamba kompyuta yake inampiga shoti kila akigusa kasha: "Ni kawaida hiyo, we vaa ndala."

Kawaida, ndiyo, kama soketi haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini! Ndani ya pawasaplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme, kuna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme na kuzimwaga kwenye kasha la chuma, zishuke ardhini kwa waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya umeme wa ukutani: penye volti 230, kama 115 hivi. Mkondo wenyewe kwa kawaida haufiki miliampia 1, ndiyo maana unatekenya tu. Sasa chomeka kebo ya HDMI kwenda kwenye televisheni huku vyote vimewashwa. Mkondo huo unaweza kupita kwenye pini za kebo, na poti ikiungua utaambiwa kebo ilikuwa feki.

Halafu kuna wakata mguu wa tatu wa plagi, ule wa ethi, eti spika ziache kuvuma. Haya, zinaacha, siwezi kubisha. Ila mvumo ule mara nyingi huja pale vifaa vilivyounganishwa vinapopata ethi kwenye soketi tofauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi uone. Ukikata mguu, siku waya wa moto ukigusa kasha, fyuzi haitakatika. Ethi utakuwa wewe.

Anayeniudhi kuliko wote ni yule anayeunga nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi ndani ya soketi ili kipimo "kisome vizuri". Kitasoma vizuri sana, mpaka nyutro ikatike huko nyuma, kasha lote liwe na moto.

Chukua multimita, kile kipimo cha umeme, weka kwenye volti za AC, na upime kwenye soketi. Moto na ethi isome karibu sawa na moto na nyutro. Nyutro na ethi, volti chache tu. Ikigoma kwenye 0 kamili hata kifaa kinachokula umeme mwingi kikiwa kimewashwa, shuku ule ujanja wa kuunga. Moto na ethi ikiyumbayumba, iache kompyuta ya watu. Zima mein swichi, hakikisha umeme umekatika, fungua soketi. Usishangae kukuta waya wa kijani na njano umekunjwa vizuri kule nyuma, haujafungwa popote.