Sahani Tupu Zilizomsaidia Nduwaro

Kila nikisikia mtu akisema mlaji hana nguvu yoyote juu ya bahari, namkumbuka nduwaro wa Atlantiki ya Kaskazini.

Ni yule samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nduwaro waliovuliwa huko walikuwa na wastani wa kilo 120 hivi. Miaka ya 1990 wastani ulikuwa umeshuka hadi kilo 40, ilhali jike huanza kutaga akikaribia kilo 70. Piga hesabu mwenyewe. Wengi walikuwa wakiliwa kabla hawajazaa hata mara moja! Na mlaji angejuaje? Kilichomfikia mezani ni mnofu mnene, hauna kichwa wala upanga.

Januari 1998, wapishi 27 wa mwambao wa mashariki wa Marekani wakaacha kumpika. Baadaye wakawa mamia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hawakususa wakanyamaza: walitaja wanachokidai, yaani uvuvi upunguzwe na makulio ya samaki wachanga yafungwe. Mwaka 1999 ICCAT, tume inayosimamia uvuvi wa jodari na jamaa zake Atlantiki, ikapitisha mpango wa miaka 10. Mwaka 2000 Marekani ikapiga marufuku mishipi mirefu yenye mamia ya ndoano kwenye makulio, yakiwemo ya Florida, na wapishi wakamaliza mgomo wao. Kufikia 2009 nduwaro wale walihesabiwa kuwa wamerudi katika hali nzuri.

Sheria ndiyo iliyofanya kazi kubwa, nakubali. Tena mgomo ulimpiga hata mvuvi wa chusa, anayemfuata samaki mmoja mmoja aliyekomaa, na hilo linaniuma. Lakini nani angeisukuma sheria ile kama sahani zingeendelea kujaa?

Ndiyo maana siridhiki tukiambiwa tu "tule samaki kwa uangalifu". Uangalifu upi? Tutaje samaki gani, tunadai nini, na tutarudi kumnunua lini. Hilo la kurudi tusilisahau, maana mvuvi aliyefuata masharti anastahili soko lake.

Mimi siku hizi namuuliza muuzaji maswali mawili: kavuliwa bahari gani, na kwa zana gani? Akikosa jibu nanunua kitu kingine, na simfichi sababu.