Usizishike nyumba za watu kama hutozinunua

Nimekasirika, na leo nitasema. Jirani zetu wa Kisauni, hapa Unguja, ndugu sita, wanauza nyumba ya marehemu baba yao. Akaja mnunuzi, wakapatana bei, akaacha arbuni. Kumbe bwana huyo huyo kapatana pia nyumba Fuoni, nyengine Tomondo, nyengine Chukwani, anasubiri ipi itashuka bei. Mwisho kachukua ya Chukwani. Wa Kisauni kawatumia ujumbe wa simu tu.

Wapo watakaonambia soko ndivyo lilivyo. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na ukichelewa kidogo dalali keshamleta mwengine. Haya, nakubali. Zungukeni, tazameni nyumba kumi, ulizeni bei. Kuuliza bei hakumfungi mtu. Kupatana kunafunga.

Maana nyumba nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni za mirathi. Mpaka bei ikubaliwe, warithi wameshapita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayosimamia mirathi, kaka aliyeko Maskati kaleta waraka wa uwakala, dada kapanda boti kutoka Pemba kaacha watoto kwa jirani, na yule aliyekuwa hataki kuuza kabisa kabembelezwa mpaka kalia. Yote hayo kwa kuliamini neno la mnunuzi. Akijitoa, asiyetaka kuuza hurejea pale pale, na ugomvi unaanza upya. Nyumba haijauzwa, na ndugu hawasemezani.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye. Wenye khofu ya Mungu wakisikia nyumba imeshapatanwa hurudi nyuma. Mwalimu mmoja wa skuli aliitaka ile ile ya Kisauni, pesa anazo, akakaa pembeni kwa sababu hiyo tu. Alipokuja kusikia imeachwa, pesa zake ameshalipia kiwanja mbali na mji. Katazo lililowekwa ili tusidhulumiane, anayeshika nyumba nne kalifanya kufuli la kuwafungia wenziwe waaminifu.

Na arbuni haimtii hasara. Wengi wetu ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu muuzaji haruhusiwi kula arbuni mnunuzi akijitoa. Mahanbali ndio walioruhusu. Irudishwe, sina neno. Lakini basi mapatano yawe na tarehe ya mwisho, wiki mbili zinatosha, yaandikwe mbele ya sheha, na mnunuzi aseme pale pale kama ana nyumba nyengine anayoingojea. Mambo ya Bodi ya Uhaulishaji, inayoidhinisha ardhi kuhamia kwa mwenye mpya, yatakuja baadaye na muda wake. Hili la mwanzo liko mikononi mwetu.

Wauzaji wanaopokea arbuni mbili kwa nyumba moja nao ni madhalimu vile vile.

Dalali aliyemzungusha bwana yule alijua tangu siku ya kwanza. Nimemwambia usoni kuwa kunyamaza kwake kumewadhulumu ndugu sita na mwalimu mmoja.