Katuni za zamani zilimwachia mtafsiri nafasi

Ubishi wa anime, yaani katuni za Kijapani, za zamani na za sasa hauishi hapa Kigoma. Kaa kijiweni Mwanga jioni, mtaje Goku, steringi wa Dragon Ball Z, mbele ya vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2005, utaambiwa papo hapo kwamba katuni hiyo inachosha, kwamba watu wanasimama kutazamana episodi nzima kabla ya kurushiana ngumi moja. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajibu kwamba za sasa ni picha kali tu, hadithi hakuna, ukimaliza kutazama hukumbuki hata jina la adui. Nimeubishania upande wangu kwa miaka mingi na bado naupenda. Lakini kadiri ninavyozitazama upya zile za zamani na kuzifuatilia hizi mpya, naona tunagombana sana juu ya uchoraji na hadithi, na kuliacha jambo kubwa zaidi: tulizitazamaje, na pamoja na nani.

Hoja ya uchoraji wa mkono tuiondoe kwanza. Washabiki wa zamani tunapenda kusema katuni zetu zilichorwa kwa mkono na za leo zinatengenezwa na kompyuta. Dragon Ball Z, iliyorushwa Japani kuanzia 1989 hadi 1996 kwa episodi 291, kweli ilipakwa rangi kwa brashi juu ya karatasi za plastiki angavu, moja moja, kisha zikapigwa picha zikiwa juu ya mandhari iliyochorwa. Sawa. Lakini Naruto, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa yetu, ilipoanza 2002 rangi zake zilikuwa tayari zinawekwa kwa kompyuta. Na hizo Demon Slayer na Jujutsu Kaisen wanazozipenda wadogo zetu bado zina watu waliokaa mezani wakichora kila mwendo kwa kalamu, wengine kwenye karatasi, wengine kwenye kioo. Kompyuta imeongeza moshi, mwanga na kamera inayozunguka, ila mkono haujaondoka. Anayetaka kuona kazi ya brashi ilipofika kileleni aitafute Akira ya 1988, filamu ya saa mbili iliyokula zaidi ya karatasi 160,000 za namna hiyo. Si ya watoto, lakini ni kazi.

Hoja ya mwendo ndiyo yenye nyama.

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake ya Astro Boy kwenye televisheni ya Japani Januari 1963, alitakiwa kutoa episodi ya nusu saa kila wiki kwa fedha ambazo hazikufika hata gharama. Akabana. Mchoro mmoja ukatumika kwa picha tatu mfululizo, kwa hiyo sekunde moja ikabaki na michoro 8, mara nyingine pungufu ya hapo. Mdomo unacheza, mwili umetulia. Kamera inapita polepole juu ya mchoro mmoja mpana. Michoro ya wiki iliyopita inarudishwa wiki hii. Ubahili huo ukageuka kuwa desturi, na desturi ikawa ndiyo sura ya anime: nyuso zinazotazamana, upepo unaopeperusha nywele, jicho linalotanuka taratibu.

Juu ya hapo kulikuwa na tatizo la kitabu cha michoro ambacho katuni inakifuata. Dragon Ball Z ilikuwa inamfuata mtunzi wake Akira Toriyama kwa nyuma, naye alikuwa bado anachora hadithi yake kila wiki. Katuni ikimkaribia sana, lazima ivute. Ndiyo maana adui Frieza anasema sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano, na dakika tano hizo zinakwenda episodi baada ya episodi. Naruto nayo, baada ya Sasuke, rafiki wa steringi, kuondoka kijijini, kuanzia kama episodi ya 136 hadi karibu na ya 220, sehemu kubwa ni visa ambavyo havimo kwenye kitabu cha Masashi Kishimoto. Kijana anayesema tulikuwa tunavutwa, anasema kweli. Wenye mali wenyewe walikubali: mwaka 2009 studio ya Toei ilianza kuirusha upya Dragon Ball Z kwa jina la Dragon Ball Kai, ikiwa imekatwakatwa ili kuondoa hayo maji.

Sasa tuje Kigoma. Miaka ile mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme unatoka kwenye majenereta ya dizeli, na mgao ulikuwa sehemu ya maisha. Banda umiza lilikuwa na deki, televisheni moja ya mgongo mrefu, mabenchi, na kajenereta ka akiba nje kwa mwenye uwezo. Mikanda mingine ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mingine ilivuka ziwa kutoka Bujumbura na Uvira, na hiyo ndiyo iliyokuwa na Dragon Ball ya Kifaransa, kwa sababu Ufaransa iliinunua mapema, ikairusha tangu 1988 kwenye kipindi cha watoto cha Club Dorothée, na kanda zake zikatawanyika kote kinakosemwa Kifaransa. Bandani kwetu waliokijua Kifaransa walihesabika. Basi alikuwepo kaka mmoja aliyekulia Bujumbura. Anapunguza sauti ya televisheni, anashika maiki, anatusimulia.

Kuna kipande sijawahi kukisahau. Adui Nappa anaachia mlipuko kumwelekea Gohan, mtoto wa Goku. Mtoto ameganda, miguu haimbebi. Piccolo, adui wa baba yake, yule yule aliyemchukua mtoto huyo kwa nguvu akamfunze kupigana porini, anajitupa mbele na kutanua mikono. Mwanga unampiga wote. Anabaki amesimama. Kisha picha inatulia: uso wa Piccolo, uso wa Gohan, uso wa Krillin rafiki wa Goku, tena Piccolo, muziki chini. Kule Japani walikuwa wanabana matumizi. Huku Mwanga, yule kaka akapata muda wa kutueleza yote: kwamba jamaa huyu hakuwa na rafiki hata mmoja duniani, kwamba mtoto huyu ndiye wa kwanza kuongea naye kama mtu, na kwamba mwaka mzima wa kumfunza ndio uliomlainisha. Aliyasema kwa Kiswahili, akachomekea Kiha pale alipotaka wazee waelewe vizuri, na bado picha ilikuwa haijahama. Mama aliyekuwa anauza mihogo mlangoni naye alikuwa amesimama anatazama.

Hicho ndicho ninachozisifia za zamani, na sijaona kikisemwa. Zile picha zilizotulia zilikuwa nafasi ya mtafsiri. Sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam, anayejulikana na kila aliyewahi kutazama filamu iliyotafsiriwa nchini, ilihitaji nafasi kama hiyo ili ifanye kazi, na filamu za Kihindi na za kungfu zilikuwa nayo tele. Anime za zamani pia. Hata ule muhtasari wa mwanzo, unaorudia yaliyotokea jana na unaowakera wanaotazama episodi kumi kwa usiku mmoja, ulikuwa mwokozi wa mtoto aliyetumwa Kibirizi kununua dagaa akakosa episodi nzima. Hadithi ilimsubiri.

Sasa chukua Demon Slayer. Dakika 24, kila sekunde imejaa. Steringi anaongea kwa sauti, anawaza moyoni, adui naye anakumbuka utoto wake, maandishi ya Kiingereza yanakimbia chini ya kioo. Nimejaribu kuwatafsiria wadogo nyumbani. Unapomaliza sentensi moja, watu wameshakatwa vichwa wawili. Lakini siwezi kuuita huo udhaifu wa katuni. Imetengenezewa mtu aliye peke yake na simu yake, mwenye spika za masikioni, anayeweza kusimamisha na kurudisha nyuma. Na kwa mtu huyo imetengenezwa vizuri kupita chochote nilichokiona utotoni. Siku hizi studio nyingi hutoa episodi 12 au 24, wanapumzika, wanarudi. Hakuna cha kuvuta kwa sababu kitabu kimeshawatangulia mbali. Filamu yake ya Mugen Train ilivunja mwaka 2020 rekodi ya mapato nchini Japani iliyoshikiliwa na Spirited Away tangu 2001. Kwa ufundi wa picha na kwa upangaji wa hadithi, upande wangu umeshindwa, na wenzangu wanaobisha hapo nadhani hawajazitazama hizi mpya kwa utulivu.

Tumeshindwa pia kwa wasichana. Bulma wa Dragon Ball ni fundi asiye na mfano, lakini vita vikianza anawekwa pembeni. Sakura wa Naruto tulimsubiri miaka. Na yule mzee Kame Sennin, mwalimu wa Goku, anavyowachungulia na kuwashikashika wanawake, tulicheka tukiwa wadogo. Leo nikiketi na mpwa wangu wa kike natafuta rimoti. Kwenye Jujutsu Kaisen, iliyoanza 2020, Nobara anaingia vitani na nyundo yake na misumari, haombi ruhusa ya mtu. Wamarekani walilielewa hili mapema kwenye katuni yao ya Avatar ya 2005 hadi 2008: Toph, mtoto kipofu, ndiye mwalimu wa steringi. Hapa sina utetezi.

Na tukumbuke kwamba za zamani mbovu hatuzitaji kwa sababu hakuna aliyezitunza. Tunalinganisha mabingwa wetu na kila kitu kinachotoka leo, kizuri na kibaya, jambo ambalo si haki.

Upande wa vijana nao wanateleza mahali. Wanasema utulivu ni uzee wa teknolojia, kwamba hakuna mtu angechagua kwenda polepole kama angekuwa na fedha. Anime ya Frieren imewajibu. Msimu wake wa kwanza ulirushwa kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, episodi 28, kazi ya studio ya Madhouse, na hadithi inaanzia pale ambapo hadithi nyingine huishia: shetani mkuu ameshauawa, mashujaa wanarudi nyumbani. Frieren mwenyewe, mmoja wa mashujaa hao, anaishi zaidi ya miaka elfu. Kiongozi wao Himmel ni binadamu, anazeeka, anakufa, na Frieren anatambua pale kaburini kwamba alisafiri na mtu huyu miaka kumi bila kumjua. Kuna kimya kirefu mle ndani. Wana fedha, wana kompyuta, na wamechagua kutulia. Kwa hiyo utulivu unaweza kuwa uamuzi, na mtazamaji wa leo anaukubali.

Kuna jingine linalopunguza uchungu wangu. Mtoto wa miaka mitano hapa Kigoma leo hahitaji kaka wa maiki kama nilivyomhitaji mimi. Ubongo Kids ilianza 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, na inamfundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akili wa katuni ya Akili and Me, mtoto wa miaka 4 anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, anamfundisha herufi. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho hata kwa ndoto. Tatizo ni baada ya hapo. Akifika miaka 11 au 12 anataka safari, hatari, adui wa maana, rafiki anayesaliti, na hapo Kiswahili kinamkatikia. Kizazi Moto ya 2023, filamu fupi 10 za wachoraji wa Afrika, ni kazi ya kujivunia, lakini iko kwenye Disney+, huduma ya kulipia ya mtandaoni, na mtoto wa Gungu hafiki huko. Anakwenda kwenye kibanda anawekewa anime kwenye flashi, anarudi nazo nyumbani, anasoma maandishi ya Kiingereza anayoyaelewa nusu. Mdogo wake pembeni haelewi kabisa. Bibi ndiyo hata haitwi kutazama.

Kwa hiyo ninapolalamika kwamba za zamani zilikuwa bora, ninachokililia zaidi ni yule mtafsiri, na hilo linaweza kurudi. Azam TV inaonyesha tamthilia za Kituruki zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili, na bibi zetu wanazifuatilia hawakosi. Waigizaji wa sauti wapo, studio zipo, watazamaji wapo. Sioni sababu anime ziendelee kuachwa.

Kama ningeulizwa waanze na ipi, nisingesema Dragon Ball, na kama ni lazima basi iwe ile Kai iliyopunguzwa. Ningesema Captain Tsubasa ya 1983 hadi 1986, episodi 128 za mpira, safi kwa mtoto yeyote, ambayo Fernando Torres wa Hispania amewahi kueleza kwamba ilimvuta kwenye soka. Mpira unakaa hewani muda mrefu mle ndani, na mtafsiri anapata pa kusemea. Kigoma ilivyo na wazimu wa mpira, mabenchi yatajaa. Baada yake Frieren, kwa wakubwa kidogo. Episodi moja kila Jumamosi, familia nzima sebuleni, ingetuchukua zaidi ya nusu mwaka kuimaliza, na wadogo zetu wanaotuambia hatuna subira ya mambo mapya wangekaa nasi hadi mwisho.