Mwekundu wa Wapi?

Jumamosi iliyopita, katika sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu iliyofanyika katika ukumbi mmoja hapa Tabora mjini, nilimuuliza mhudumu wana mvinyo gani mwekundu, naye akanijibu kwa upole na bila kusita kwamba wanao wa aina mbili, mtamu na mkali. Nilipomuuliza huo mkali unatoka wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego, akasema, "Stoo, mzee." Sikumkasirikia kijana huyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha zaidi ya hapo. Aliyenikasirisha ni shemeji yangu mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam, ambaye aliinua kichwa kutoka kwenye sahani ya pilau na kutangaza mbele ya meza nzima kwamba mwekundu ni mwekundu tu, na kwamba sisi watu wa asali na tumbaku tuache kujisumbua na mambo tusiyoyajua.

Watu wa asali na tumbaku. Nimelitafakari neno hilo wiki nzima, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba shemeji, bila kukusudia, alitupa sifa ambayo yeye mwenyewe hana.

Mama wa Kitabora anayenunua asali sokoni haulizi kama ni tamu. Anauliza imetoka Sikonge au Urambo, ni ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo, imerinwa kabla ya mvua au baada ya mvua, kisha anachovya kidole, anaonja, anatulia kidogo, na kama mrinaji alizidisha moshi atamwambia hapo hapo na bei itashuka. Mama huyo hajasomea popote. Anajua tu kwamba nyuki hatengenezi kitu kimoja kiitwacho asali, bali hukusanya maua ya mahali fulani katika msimu fulani, na kwamba asali ya pori moja haifanani na ya pori jingine hata kama zote zimekaa katika chupa za aina moja. Sasa niambieni, mtu aliyekulia katika elimu hiyo atashindwaje kuelewa kwamba mzabibu nao una kwao, na kwamba udongo, mwinuko, jua na mkono wa mkulima vyote humfuata mnywaji hadi kwenye glasi?

Wanaoandika kuhusu mvinyo ndio waliotutisha. Wanasema mvinyo fulani unanukia matunda ya msituni ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni, na msomaji wa Tabora akinusa asiyapate anadhani pua yake ni mbovu. Lakini watu hao hao wakitaka kuusifia mvinyo wa zabibu ya Cabernet Sauvignon uliokomaa vizuri husema nini? Husema unanukia tumbaku. Ule wa zabibu ya Syrah wanausifia kwa pilipili manga. Cabernet ambao zabibu zake hazikuiva sawasawa wanausema kwa kunukia pilipili hoho mbichi, na mvinyo wa miaka mingi wanausema unanukia ngozi, majani makavu, udongo. Hivi vyote viko hapa, na kimoja kati yake kimewasomesha nusu ya watoto wa mkoa huu. Na badala ya hayo matunda yao tunayo zambarau, ambayo huacha ulimi ukiwa wa rangi ya wino na mdomo ukiwa umekauka, na anayeujua ukakasi wa zambarau tayari anaijua nusu ya siri ya mvinyo mwekundu. Juisi ya zabibu nyingi nyeusi ni nyeupe. Rangi na ukakasi hutoka katika maganda, yanapoachwa yaloweke na kuchachuka pamoja na juisi.

Mjomba wangu amelima tumbaku na kutundika mizinga maisha yake yote. Mwaka juzi nilimpa glasi ya Cabernet ya Chile bila kumwambia lolote. Aliinusa kwa muda mrefu, kama anavyonusa jani la tumbaku kabla ya kulipanga daraja, kisha akasema, "Mwanangu, hapa kuna bani," yaani banda la kukaushia tumbaku. Hakusema zaidi, na aliunywa kidogo sana kwa sababu anapenda wanzuki, pombe yetu ya asali. Mimi niliyesoma makala nyingi kuhusu mvinyo huo nilikuwa nimeandika katika daftari langu neno moja tu, "mzuri".

Tena jina la mahali na la zabibu si mapambo ya kwenye lebo. Wachile waliuza kwa miaka mingi mvinyo walioamini ni wa zabibu ya Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoiangalia mizabibu yao na kuwaambia kwamba sehemu kubwa yake ni Carménère, zabibu ya Bordeaux, Ufaransa, iliyokuwa karibu kusahaulika kwao baada ya mdudu wa filoksera kuangamiza mashamba ya Ufaransa katika karne ya 19. Carménère huchelewa kuiva kwa wiki kadhaa kuliko Merlot, kwa hiyo wakulima walikuwa wakizivuna zote siku moja na kushangaa kwa nini mvinyo wao una uchungu wa majani. Mahali pageni paliuhifadhi mzabibu ambao kwao ulipotea, lakini ulianza kutoa kilicho bora pale tu ulipoitwa kwa jina lake. Mzabibu wa Malbec nao ulitoka kusini magharibi mwa Ufaransa, ambako ni mweusi na mgumu, ukaenda Mendoza, Argentina, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,000, na huko ukawa laini. Pinotage ya Afrika Kusini haikuwapo kabisa duniani hadi mwaka 1925, Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut huko Stellenbosch. Na dharau ya kina shemeji si mpya: mwaka 1395 mtawala wa Burgundy huko Ufaransa, Philip the Bold, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake akiiita mibaya na isiyo na uaminifu, na leo Gamay hiyo ndiyo inayoilisha Beaujolais nzima, eneo la mvinyo la huko huko Ufaransa.

Kwetu yuko Dodoma, ambaye tunampita kwa treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na hadi leo abiria wa huku akipita Dodoma hununua zabibu dirishani, anazila hadi Manyoni, kisha anasahau. Mizabibu ya huko ilianza na wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya misa, na leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, ambacho jina lake limepewa hata zabibu nyekundu ya huko. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima wa Dodoma huulaza na kuuamsha mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Mfaransa hawezi hilo. Ninakiri, kwa shingo upande, kwamba chupa nyingine za Dodoma ni tamu kupita kiasi na nyingine zimetengenezwa kwa haraka, lakini utamu huo tumeuagiza sisi wenyewe, tunaoulizwa "mtamu au mkali?" na kujibu "mtamu" kabla swali halijaisha.

Wasiokunywa kwa sababu ya imani au afya waniwie radhi. Ugomvi wangu hauwahusu.

Kuhusu soda, shemeji aliuchanganya mvinyo wake na kola mbele ya macho yangu, na nilikuwa tayari kumhukumu, kisha nikakumbuka kwamba Wabaski wa Hispania hufanya hivyo hivyo na wamekipa kinywaji chao jina, kalimotxo. Basi na achanganye. Lakini asiwaambie watu kwamba ameonja mvinyo.

Jambo ambalo sitalisamehe ni joto. Kuna mtu aliwafundisha wahudumu wetu kwamba mvinyo mwekundu huandaliwa katika joto la chumba, na wakatii. Chumba cha nani? Kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya ambazo ndani yake joto lilikuwa kama nyuzi 16 hadi 18, wakati chumba cha Tabora mwezi Oktoba, saa nane mchana, chini ya bati, kinapita nyuzi 30. Mvinyo katika joto hilo hunuka pombe tupu, ukakasi wake hulegea vibaya, na mnywaji huondoka akiamini kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya kikohozi. Chupa ikae kwenye friji dakika thelathini, au umeme ukikatika, izamishwe kwenye mtungi wa maji kwa saa moja. Ukakasi huo upelekwe kwa mbuzi wa kuchoma, ambaye mafuta na nyama yake huutuliza, na usipelekwe kwa migebuka ya Kigoma, ambayo huugeuza mvinyo mzito kuwa na ladha ya chuma.

Siku ya pili ya sherehe niliamua kumaliza ubishi. Nilizifunga chupa tatu kwa magazeti, moja ya Dodoma, moja ya Stellenbosch na moja ya Chile, kama walivyofanya Paris mwaka 1976, pale majaji wa Kifaransa walipoonja bila kuona lebo na kuuweka mvinyo mwekundu wa California juu ya ile mikubwa ya Bordeaux. Niliwaita shemeji na mjomba, nikiwa nimeshaandaa kichwani hotuba ya ushindi wa Dodoma.

Dodoma ilishika nafasi ya mwisho kwa wote wawili. Mjomba aliinusa mara moja akaisogeza kando. "Huu umechemka," alisema, kwa sauti ile ile anayoitumia kwa asali iliyopitishwa motoni. Nilirudi dukani nilikoinunua, nikazikuta wenzake wamesimamishwa dirishani, jua la mchana likiwapiga ubavuni, na lebo upande wa nje zimepauka. Muuzaji, ambaye ni mtu mwema, aliniambia zinavutia wateja zikikaa hapo. Nilimwomba anitolee chupa iliyo ndani ya boksi, nyuma kabisa ya duka, naye akanitolea huku akinihakikishia kwamba ni ule ule.

Shemeji amerudi Dar es Salaam akiwa na hadithi ya kusimulia. Chupa hiyo ya pili nimeilaza chini ya kitanda, upande usiofikiwa na jua, na mjomba ameahidi kuja mjini akishauza tumbaku.